Mito Miwili Iitwayo Songwe: Jina Kamili Ndani ya Kompyuta

Mkazi wa Kyela atajapo Songwe, jirani yake humwelewa mara moja: ni mto ule wa mpakani mwa Tanzania na Malawi, umwagao maji yake katika Ziwa Nyasa. Lakini katika nyanda za juu za kusini magharibi uko Songwe mwingine, uelekeao Ziwa Rukwa. Na tangu mwaka 2016 upo pia Mkoa wa Songwe. Binadamu hutambua kinachotajwa kwa kutazama nani anasema, na wapi. Kompyuta haina busara hiyo.

Msomaji na afikirie programu ya kutunza vipimo vya kina cha mito hiyo, jambo lisilo dogo Kyela, ambako mafuriko huingia katika mashamba ya mpunga. Mwandishi wa programu huunda klasi, yaani kigezo cha kuundia vitu vya aina moja, akaiita Nyasa. Ndani yake akaweka klasi Songwe. Kisha huunda Rukwa, nayo yenye Songwe yake. Je, programu ikiwa kazini, klasi hizo huitwaje?

Katika lugha ya Java, iliyoanza kuruhusu klasi ndani ya klasi mwaka 1997, agizo getSimpleName hutoa "Songwe" tu. Vipimo vikiwekwa chini ya jina hilo, mito miwili itachanganyika. Agizo getName hutoa "Nyasa$Songwe". Mwandishi aliandika Nyasa.Songwe, kwa nukta. Alama ya dola imetiwa na kompaila, ile programu igeuzayo maandishi yake kuwa maagizo ya mashine. Hapa ndipo wengi hunaswa. Wakiitafuta klasi kwa Class.forName na jina lenye nukta, haionekani, kwani mashine hudhani Nyasa ni kifurushi cha klasi, si klasi.

Lugha ya C++ ina ajabu zaidi. Kwa kompaila ya GCC, typeid hutoa "N5Nyasa6SongweE". N huashiria jina lililo ndani ya jingine. 5 na 6 ni idadi ya herufi zinazofuata. E ni mwisho. Mwanafunzi aweza kujiundia lile la Rukwa. Programu ndogo c++filt hulirejesha kuwa Nyasa::Songwe. Hata hivyo kanuni za lugha hiyo hazikuagiza umbo lolote: kompaila ya Microsoft hutoa "class Nyasa::Songwe". Kwa hiyo, vipimo vikihifadhiwa kwa jina la kompaila moja, programu iliyotokana na nyingine haitavipata. Ni heri mwandishi aandike jina la mto yeye mwenyewe ndani ya kila klasi.