Usiku Johnson Mountain Boys walipoaga Lucketts

Lucketts ni kijiji kilicho kando ya barabara namba 15, kaskazini mwa jimbo la Virginia nchini Marekani. Ukitoka mji wa Leesburg unakikuta kabla hujafika Mto Potomac. Kina njia panda, maduka ya vitu vya kale, na jengo moja la mbao, la ghorofa, lililojengwa mwaka 1913 liwe shule. Ndani ya jengo hilo, Jumamosi ya tarehe 20 Februari 1988, vijana watano waliokuwa wamejijengea jina kote nchini kwa muziki wa blugrasi walipanda jukwaani kuwaaga mashabiki wao.

Wangeweza kuagia kwenye ukumbi mkubwa. Washington, mji mkuu, haiko mbali, na kumbi zake zilikuwa zikiwajua vizuri. Wakachagua shule ya kijijini.

Johnson Mountain Boys ilikuwa bendi ya eneo hilo. Dudley Connell, mpiga gita na mwimbaji kiongozi, na Eddie Stubbs, mpiga fidla, walikulia ng'ambo ya mto, kwenye vitongoji vya Maryland. Bendi yao ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo wanamuziki wengi wa rika lao walikuwa wakiuchanganya muziki huu na roki na jazi. Wao walishika njia ya wazee: suti na kofia za sare, nyimbo za mtindo wa miaka ya 1940 na 1950, na sauti ya juu inayopanda mpaka msikilizaji anahofia itakatika. Usiku ule wa kuaga, pamoja na Connell na Stubbs, walikuwepo David McLaughlin kwenye mandolini, Tom Adams kwenye banjo na Marshall Wilborn kwenye besi.

Msomaji asiyewahi kusikia blugrasi aanze kwa kutambua kwamba haina ngoma. Besi kubwa ya kusimama inapiga pigo la kwanza, mandolini inajibu la pili. Mpiga mandolini huchapa nyuzi zote kwa pamoja, kisha papo hapo hulegeza vidole vya mkono wa kushoto ili mlio ukatike. Kinachobaki ni mchapo mkavu, mfupi, na huo ndio unaomfanya msikilizaji atikise mguu bila kuambiwa. Juu yake banjo ya nyuzi tano inamimina noti kwa vidole vitatu vilivyovishwa kucha za bandia, mtindo uliolitikisa taifa pale Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Bill Monroe, mwasisi wa blugrasi, mwezi Desemba 1945. Kila ala hupewa zamu ya kutamba, halafu hurudi nyuma kumpisha mwimbaji.

Banjo yenyewe ni uzao wa ala za Afrika Magharibi za kibuyu na ngozi, ambazo Waafrika waliopelekwa utumwani walizitengeneza upya huko ugenini. Nalitaja hili kwa sababu shule ya Lucketts ilijengwa kwa ajili ya watoto Wazungu peke yao. Katiba ya Virginia ya mwaka 1902 ilipiga marufuku watoto weupe na weusi kusoma shule moja. Wajukuu wa watu walioileta banjo hawakuruhusiwa kuketi katika madarasa yale. Mimi naupenda muziki huu kwa dhati, na kwa sababu hiyo siwezi kusifia jengo nikaiacha sehemu hiyo ya habari zake.

Wanafunzi walipohamia shule mpya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakijiji hawakuliacha jengo lioze. Liligeuzwa kituo cha jamii, na katika muongo huohuo maonyesho ya blugrasi ya Jumamosi usiku yakaanza. Kazi ilikuwa ya kujitolea: kuna waliopanga viti, waliokata tiketi, waliouza vyakula. Bendi ikija, inakuta watu waliokuja kusikiliza, si kunywa. Mwanamuziki yeyote aliyewahi kupiga baa akishindana na kelele za meza atakueleza thamani ya ukumbi kama huo.

Na nyuma ya kijiji palikuwa na eneo zima lililoulea muziki huu. Baada ya vita vya pili vya dunia, familia nyingi zilishuka kutoka milima ya Appalachia kutafuta kazi Washington na Baltimore, zikaja na banjo na fidla zao. Ndipo zikatokea bendi kama Country Gentlemen mwaka 1957 na Seldom Scene mwaka 1971. Jarida la Bluegrass Unlimited lilizaliwa hapo mwaka 1966, na redio ya WAMU, ya chuo kikuu cha American University, ikawa inaurusha hewani. Watoto kama Connell na Stubbs hawakuhitaji kwenda Kentucky, alikozaliwa Monroe, kujifunza.

Basi kwa nini bendi iliyopendwa hivyo iage? Safari ziliwachosha. Bendi ya blugrasi hula kwa jasho la barabarani: unaendesha usiku kucha, unapiga kwenye tamasha, unalala saa chache, unaondoka tena, na mapato yanagawanywa kwa watu watano baada ya mafuta kulipwa. Mapenzi ya mashabiki, hata yakiwa makubwa namna gani, hayamrudishi mtu nyumbani kwa mkewe Jumapili asubuhi.

Onyesho lile lilirekodiwa, na kampuni ya muziki ya Rounder ikalitoa mwaka 1989 kwa jina la At the Old Schoolhouse. Ukilisikiliza leo, usikimbilie nyimbo tu. Msikilize Stubbs anavyozungumza na ukumbi katikati ya nyimbo, kwa adabu ya mtangazaji wa redio ya zamani, na jinsi watu wanavyomjibu kwa makofi yasiyo na haraka. Hao ni watu wanaofahamiana.

Haukupita muda mrefu, wakaanza tena kupiga pamoja, safari hii mara chache chache, na mwaka 1993 wakatoa albamu ya Blue Diamond. Hakuna aliyewalaumu kwa kuvunja neno. Walichokuwa wamekiaga ni barabara. Majirani zao bado walikuwepo. Baadaye Connell alijiunga na Seldom Scene, na Stubbs akahamia Nashville mwaka 1995, akawa mtangazaji wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kwa miaka 25. Mwaka 2020 bendi nzima iliingizwa katika orodha ya heshima ya blugrasi, na shule ya Lucketts iliendelea kwa miaka mingi kufungulia milango bendi nyingine, Jumamosi usiku.