Maziwa ya Siku za Kwanza

Leo tutazungumza juu ya mama aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Ninyi akina baba msiondoke darasani, maana kazi yenu imo.

Mtoto amezaliwa jana. Usiku wa pili analia, ananyonya, anasinzia kidogo, kisha analia tena. Mama akijikamua anaona matone machache tu, mazito, ya rangi ya manjano. Anasema, "Sina maziwa." Mama mkwe, kwa huruma yake, anamwambia, "Mwanangu, mpe maji ya sukari asife njaa."

Hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika. Matone yale ya manjano huitwa dang'a. (Mwalimu, andika neno hilo ubaoni.) Wako watu wanaoimwaga wakidhani ni uchafu. Sivyo hata kidogo. Dang'a humkinga mtoto na maradhi, nayo ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Maziwa mengi huja baada ya siku mbili au tatu, pengine nne.

Tena titi si mtungi wa kungoja mpaka ujae. Kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo mwili unavyotengeneza maziwa. Akijazwa maji ya sukari atalala, hatanyonya, na maziwa yatapungua. Ndipo mama atasema, "Si niliwaambia sina?" Basi mnyonyeshe mara 8 mpaka 12 usiku na mchana, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi 6.

Lakini chuchu zikiuma je? Wengi hukata tamaa hapa. Mara nyingi chuchu huuma kwa sababu mtoto ameshika ncha tu. Mlaze tumbo lake lielekee tumbo lako, pua yake ikabili chuchu. Ngoja afungue kinywa sana, kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi, usiinamie kumfuata. Kinywa kishike chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na kidevu kiguse titi. Ikiendelea kuuma, tia kidole safi pembeni mwa kinywa chake aachie, uanze upya. Anza upya hata mara kumi. Wewe na mtoto wote mnajifunza.

Maziwa yakija kwa wingi, matiti huweza kuwa magumu hata mtoto ashindwe kushika. Weka kitambaa cha maji ya vuguvugu, kamua kidogo kwa mkono mpaka pawe laini, kisha mnyonyeshe.

Utajuaje kuwa anashiba? Tangu siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi usiku na mchana. Akina baba, hesabu hiyo ni yenu. Kila akikojoa pigeni mstari mmoja daftarini. Na maji ya kisimani mchote ninyi.

Mtoto akikojoa kidogo, akilala mno hata akatae kunyonya, au macho na ngozi yake vikiwa vya manjano, mpelekeni zahanati siku ile ile. Fanyeni hivyo pia mama akipata homa na titi likawa jekundu, la moto. Mchukueni mtoto pamoja naye, maana hata katika homa hiyo ataendelea kumnyonyesha.