Kutafuta Chanzo cha Cheche Dhaifu katika Injini ya Pikipiki ya Majini: Utaratibu wa Ukaguzi kwa Mafundi wa Bujumbura

Ikisiri

Injini ya petroli inayozungushwa na stata bila kuwaka aghalabu imekosa kimojawapo kati ya vitu vitatu: mafuta, mgandamizo au cheche. Makala haya yanashughulikia cheche katika pikipiki ya majini, yakizingatia mazingira ya mtaa wa Mutanga Nord na Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba chanzo cha hitilafu hutafutwa kwa vipimo, kuanzia sehemu rahisi kuelekea ngumu. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha humgharimu mwenye chombo na huweza kumhatarisha anayekitumia.

1. Utangulizi

Mutanga Nord ni mtaa wa makazi katika miinuko ya Bujumbura. Chombo kinachopandishwa huko kwa trela ili kitengenezwe uani hukaguliwa mbali na maji yanayokipoza. Bila mpira wa maji uliounganishwa kama mtengenezaji anavyoelekeza, injini haifai kuachwa ikinguruma zaidi ya sekunde chache. Kwa hiyo fundi hawezi kutegemea jaribio refu la kuendesha. Hana budi kuridhika na vipimo kabla ya kukirudisha chombo ziwani.

Uamuzi wake una uzito. Kati ya Mei na Septemba, pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika Ziwa Tanganyika, na eneo la mdomo wa mto Rusizi lina viboko na mamba. Pikipiki ya majini haina kasia wala tanga. Injini ikizimika mbali na ufuko, aliyeipanda hubaki akisubiri msaada.

2. Jinsi cheche inavyozalishwa

Volti 12 za betri haziwezi kuruka pengo la plagi. Katika injini nyingi za zamani za mipigo miwili, koili iliyo karibu na flaiwili huzalisha umeme unaohifadhiwa katika kapasita ya kisanduku cha CDI. Kihisi kinapotoa ishara, umeme huo huachiliwa kwenda koili ya mwasho, nayo huupandisha hadi maelfu mengi ya volti. Katika injini mpya za mipigo minne, kompyuta ya chombo ndiyo huamuru koili za silinda, kwa umeme wa betri.

Ifahamike kwamba hewa iliyogandamizwa hupinga umeme kuliko hewa ya kawaida. Plagi iliyofunguliwa huweza kuonyesha cheche nje, kisha ikashindwa ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo, kifaa cha kupimia cheche chenye pengo pana hutoa jibu la kuaminika zaidi kuliko plagi iliyolazwa juu ya chuma. Cheche nzuri ni ya buluu na hualika kwa sauti. Ya manjano na nyembamba ni dhaifu.

3. Utaratibu wa ukaguzi

Hatua ya kwanza ni usalama. Mvuke wa petroli hujikusanya chini ya kiti, hivyo kiti hutolewa na chumba cha injini hupitishiwa hewa kabla ya kupima. Kifaa cha kupimia hufungwa imara kwenye athi, mbali na tundu la plagi, wala hakishikwi kwa mkono.

Hatua ya pili ni kamba ya usalama na swichi ya kuzimia. Katika mifumo mingi ya zamani ya CDI, swichi huzima injini kwa kuunganisha waya wake na athi; unyevu au kutu huweza kufanya vivyo hivyo bila mtu kuibonyeza. Waya huo ukitenganishwa kwa muda, kwa ajili ya kipimo tu, na cheche ikarejea, hitilafu iko upande wa swichi.

Hatua ya tatu ni betri. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya volti 10 stata inapozunguka, injini huzunguka polepole na cheche hufifia, hata kama vipuri vingine vyote ni vizima.

Hatua ya nne ni kulinganisha silinda. Silinda zote zikikosa cheche, mshukiwa ni sehemu inayotumiwa na zote: swichi, umeme unaoingia, kihisi au CDI. Silinda moja ikikosa, mshukiwa ni plagi yake, kofia yake, waya wake au koili yake. Koili mbili za aina moja zikibadilishana nafasi na hitilafu ikahama pamoja na koili, jibu limepatikana bila kununua chochote.

CDI au kompyuta hushukiwa mwisho. Kipimo cha ohomu hakitoshi kuihukumu, na multimita ya kawaida haiwezi kusoma sawasawa mipigo mifupi ya umeme bila adapta ya kilele cha volti.

4. Athari ya mazingira

Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko pwani. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani huelekea kutoa petroli nyingi kwa hewa iliyopo, na masizi hujilimbikiza kwenye plagi. Plagi mpya huweza kuwasha injini siku hiyo, lakini kabureta isiporekebishwa, tatizo hurudi. Aidha, ingawa ziwa hili ni la maji baridi, unyevu hutia kutu ya kijani kwenye viungo vya shaba. Viungo hivyo husafishwa na kukaushwa kabla ya kipuri chochote kuhukumiwa.

5. Hitimisho

Utaratibu huu unahitaji multimita, kifaa cha kupimia cheche, kitabu cha mtengenezaji na subira. Unahitaji pia lugha inayoeleweka. Fundi aliyefunzwa kwa Kifaransa husema buji, bobini na masi. Mwenzake wa Kigoma, upande wa Tanzania wa ziwa hilohilo, husema plagi, koili na athi. Mwongozo wa mafunzo unaotaja majina yote mawili utawafaa wote wawili, na utapunguza hatari ya kuagiza kipuri kisicho chake. Wanaopanga mitaala ya ufundi wanashauriwa kumtahini mwanafunzi kwa mpangilio wa hatua zake pamoja na matokeo. Injini iliyowaka bila sababu ya hitilafu kujulikana bado haijatengenezwa.