Pikipiki ya umeme: pesa za serikali zimejificha wapi?

Kila Disemba mimi hugeuka mtu wa bara. Mke wangu kwao ni Mitaboni, Machakos, na watoto hawakubali likizo iishe bila kumwona bibi yao. Tunatoka Mombasa tukitokwa na jasho, tukifika jioni tunaomba makoti. Mama mkwe hutucheka, kisha anatupakulia muthokoi.

Safari iliyopita sikumaliza hata sahani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaendesha bodaboda pale steji ya Mitaboni. Alivuta kiti karibu na kuniuliza: “Shemeji, nyinyi wa Mombasa ndio mlianza kupewa pikipiki za serikali. Zetu ziko wapi?”

Nikamwambia mimi sijaona mtu Mombasa aliyepewa pikipiki na serikali. Akanyamaza kidogo, halafu akasema alishalipa shilingi 2,000 kwa bwana mmoja aliyepita steji akiandikisha majina ya “mradi wa umeme”. Si yeye peke yake. Wenzake kadhaa walitoa pia, na tangu siku hiyo simu ya yule bwana haipatikani.

Basi tulikaa mpaka usiku na kalamu na karatasi. Ninaandika tuliyoyapata kwa sababu naamini hata kwetu Kisauni, Likoni na Malindi wako wengi wenye dhana kama yake.

Dhana yenyewe ina mahali ilipotoka. Septemba 2023 Rais William Ruto alikuja Mombasa kuzindua pikipiki za umeme na vituo vya kubadilishia betri. Picha zilienea nchi nzima, Rais na pikipiki mpya zinang'aa. Aliyeziona akiwa Mitaboni angedhani zinagawiwa. Lakini zile ni za kampuni ya kibinafsi, na mwanabodaboda anazinunua kwa pesa taslimu au kwa mkopo. Serikali haikutoa pikipiki. Ilichotoa ni msamaha wa kodi, na mambo haya mawili hayafanani hata kidogo.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka VAT ya pikipiki za umeme, baiskeli za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu kuwa sufuri badala ya asilimia 16. Pikipiki ya umeme iliondolewa pia ushuru wa bidhaa, ambao kwa pikipiki ya petroli ni zaidi ya shilingi 12,000 kila moja. Kabla ya hapo, mwaka 2019, ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulikuwa umeshapunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Ukiuliza pesa ya serikali iko wapi, hiyo ndiyo: ni kodi ambayo ingekusanywa ikaachwa. Haipiti mkononi mwako. Inapita kwanza kwa mwagizaji na muuzaji, na wewe unaionja ikiwa tu bei ya dukani imeshuka kweli. Hakuna daftari la kuandikisha majina, wala ada ya 2,000.

Na kodi iliyoachwa kwa sheria inaweza kurudishwa kwa sheria. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuondoa sehemu ya nafuu hizo. Mswada ule tunaukumbuka kwa mengine, vijana barabarani na damu iliyomwagika, na Juni 2024 ukaondolewa. Nafuu ya pikipiki ikaponea humo humo bila watu wengi kujua kwamba ilikuwa hatarini. Mtu anayechukua mkopo wa miaka miwili ana haki ya kuliwaza hilo.

Msaada wa pili umo kwenye stima. Kuanzia Aprili 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalum ya umeme wa kuchajia vyombo: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo, hasa usiku, kabla ya kuongezwa tozo nyingine. Betri ya pikipiki hubeba takriban uniti mbili hadi tatu. Piga hesabu: uniti tatu usiku ni shilingi 24, tuseme hata ikawa maradufu baada ya tozo. Shemeji anachoma lita nne za petroli kwa siku. Hapo macho yalimtoka.

Tatizo ni kwamba bei hiyo hupewa mwenye mita ya kuchajia vyombo, si mita ya nyumba ya mama mkwe ambayo pia inawasha taa na redio. Anayefaidi ni mwenye kituo. Mwanabodaboda akifika pale halipi shilingi 8 kwa uniti, analipa bei ya kubadilisha betri iliyopangwa na kampuni. Pikipiki nyingi huuzwa bila betri kuwa mali yako. Betri unaikodi, na unabadilishia kwenye vituo vya kampuni ileile. Ukiwa Mombasa au Nairobi si taabu. Mitaboni hakuna kituo. Ashuke mpaka Machakos mjini kila betri inapokaribia kuisha, halafu apande tena milima ya Iveti? Muda wenyewe ni abiria.

Kilichomuuma zaidi, na mimi pia, kilikuwa kwenye risiti ya petroli. Katika kila lita ya petroli mna tozo ya kukarabati barabara, iliyopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Mna pia tozo ya maendeleo ya mafuta, shilingi 5.40, iliyopandishwa mwaka 2020 kutoka senti 40. Hizo mbili tu ni shilingi 30.40. Kwa lita nne ni 121.60 kwa siku. Akifanya kazi siku sita kwa wiki, mwaka mzima anatoa karibu shilingi 38,000, na VAT bado hatujaigusa, ambayo Julai 2023 ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 kwa Sheria ileile iliyosamehe pikipiki za umeme.

Ya barabara inajulikana inakokwenda, ingawa barabara nyingine hazina habari. Ile ya 5.40 ndiyo iliyotumika kufidia bei ya mafuta kuanzia 2021, isipande sana pampuni. Kwa hivyo mfuko wa serikali wa mafuta tunao, na tunauchangia kila siku. Umetumika kuifanya petroli iwe rahisi.

Wenzetu wengine wamefanya kinyume. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2007 kwamba sehemu ya ada wanazolipa wenye magari, ikiwemo ya usajili, iingie kwenye mfuko wa kusaidia mafuta mbadala na magari safi, hadi dola milioni 100 kwa mwaka. Mfuko ule hujenga vituo vya kuchajia, na huangalia pia mitaa ya watu wa kipato kidogo. Najua California si Kathiani. Ninachokitazama ni njia ya pesa: inatoka kwenye chombo cha zamani, inakwenda kujenga kituo cha chombo kipya, na imeandikwa kwenye sheria. Hapa karibu, Uganda serikali iliweka pesa zake kwenye kiwanda cha Kiira kinachounda mabasi ya umeme. Tanzania wana gesi ya Songosongo, na Dar es Salaam magari na bajaji zinatumia gesi hiyo. Kila mmoja ameanza na alicho nacho.

Na sisi tulicho nacho ni umeme. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa Olkaria, upepo na maji. Maji ya Tana yanazungusha mitambo ya Masinga, ndani ya Machakos hii hii, kisha yanateremka mpaka yanamwagika baharini kwetu Kipini.

Hapo mama mkwe, ambaye nilidhani amelala, akauliza kama umeme nao utaishia kama mibono. Ua wa boma lake ni mibono. Miaka ya 2008 na 2009 wakulima wa Ukambani waliambiwa mbegu zake ni dizeli, wapande, soko lipo. Wizara ya Kawi ilikuwa hata na mkakati wa dizeli ya mimea. Mavuno yakawa duni, na utafiti wa mwaka 2009 ukasema mti huo unafaa zaidi kuwa ua. Kwetu Malindi ilibaki kidogo msitu wa Dakatcha ukatwe, hekta 50,000, kwa ajili ya mibono hiyo hiyo, mpaka wenyeji na watetezi wa mazingira wakasimama. Nilimjibu kwamba pikipiki za umeme zinatembea tayari, si ahadi ya mbegu. Akasema, “Hapa hazitembei.” Sikuwa na la kuongeza.

Asubuhi shemeji aliikunja ile karatasi ya hesabu akaenda nayo steji. Wamekubaliana mambo mawili. La kwanza, waliotapeliwa wapeleke ripoti polisi kwa pamoja. La pili, kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti kikija wadi ya Mitaboni, wadai mita moja ya kuchajia, ya bei ile ya shilingi 8, pale sokoni, chini ya chama chao cha akiba. Pikipiki yake ya petroli haiuzi. Alinibeba nayo mpaka barabarani kupanda matatu, na tulipofika aliniomba nauli.