Jua pa kukanyaga kabla ya kupanda juu ya bati

MVUA za vuli zinapokaribia, ngazi huanza kuonekana zimeegemezwa ukutani katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Mmoja amepanda kuziba tundu, mwingine anageuza dishi la televisheni, wa tatu anakagua tangi la maji. Wengi hukaa huko juu dakika chache tu na kuteremka salama. Hata hivyo, mvua ya kwanza inaponyesha, baadhi ya nyumba hizo huvuja mahali ambapo hapakuwa panavuja, na mwenye nyumba humlaumu aliyemwuzia bati.

Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Bati lilibuniwa kumwaga maji, halikubuniwa kuwa njia ya kupita watu. Nguvu yake yote imo katika mawimbi yake. Mhandisi Mwingereza Henry Robinson Palmer, aliyepewa hataza ya bati la mawimbi mwaka 1829, alitumia ukweli mmoja mwepesi: chuma chembamba kikikunjwa mawimbi huweza kujibeba chenyewe kwa urefu ambao chuma hicho kikiwa bapa hakiwezi. Wimbi likibonyezwa kwa kisigino likalala, basi pale pamebaki karatasi tu ya chuma. Maji hutuama katika kishimo hicho, kutu huanza, na kama ni mahali ambapo bati moja limelalia jingine, hufunguka mdomo ambao upepo husukumia mvua ndani.

Wanunuzi wengi huulizia geji bila kujua kuwa hesabu yake imepinduliwa: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko 32. Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3, na hicho ndicho kinachotarajiwa kumbeba mtu mzima mwenye mfuko wa vifaa begani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua mbao ziko wapi. Chini ya bati kuna papi, yaani mbao nyembamba zilizolala kukatiza kenchi, na misumari yote imepigiliwa juu yake. Mstari wa misumari unaoonekana kutoka chini ndiyo ramani ya paa. Anayepanda atembee juu ya mstari huo, aweke wayo mzima badala ya kisigino, na katika bati la mawimbi wayo huo uguse migongo miwili au zaidi ili uzito ugawanyike. Kwa mabati yenye migongo mirefu na nafasi bapa katikati, mguu huwekwa kwenye sehemu bapa, karibu na papi. Ukingo wa bati uliotokeza nje ya ukuta haufai kukanyagwa kabisa, wala kofia ya juu ya paa, ambayo mafundi wengine huipanda kama farasi. Kazi ikiwa ya muda mrefu, ubao mpana uliolazwa kuvuka papi mbili au tatu na kufungwa usiteleze huokoa bati na aliye juu yake.

Yote hayo yanahusu bati la chuma lililo zima. Paa la asbesto ni habari nyingine. Vigae hivyo vikubwa vya kijivu, ambavyo bado vimo katika majengo kadhaa ya zamani, ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, na vikishazeeka huvunjika ghafla bila kupinda wala kulia. Aliye juu hapati onyo lolote. Zaidi ya hayo, kuvitoboa, kuvikata au kuvisugua vikiwa vikavu hutoa vumbi la nyuzi linalosababisha saratani. Paa la namna hiyo halipandwi kwa miguu, na kulirekebisha au kuliondoa ni kazi ya watu waliofunzwa na wenye vifaa vya kujikinga. Hatari ya kutumbukia ipo pia katika mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, hasa yale yaliyopakwa rangi moja na paa zima hata hayatambuliki tena. Bati la chuma lililoliwa na kutu upande wa chini ni la kundi hilo hilo; kabla ya kulipanda, inafaa kuingia darini na tochi na kuliangalia kwa ndani.

Kuhusu ngazi, kanuni ya mafundi ni kwamba kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu ya ngazi iwe mita moja kutoka ukutani, na ncha yake ipite ukingo wa paa kwa karibu mita moja ili mtu apate pa kushika anapovuka. Viatu viwe vya soli ya mpira. Malapa yabaki chini. Umande wa alfajiri hulifanya bati kuwa kama sabuni, na jua la mchana hulifanya lisishikike, hivyo saa nzuri ni ile ya katikati. Kamba ya usalama ifungwe kwenye kenchi. Nguzo ya dishi haikuwekwa ili izuie mtu anayeanguka.

Umeme unastahili tahadhari ya pekee. Katika nyumba nyingi waya wa kuingiza umeme hupita karibu kabisa na ukingo wa paa, na upepo wa miaka mingi huweza kuusugua hadi gamba lake likachubuka. Pale unapogusa bati, paa zima huweza kuwa na umeme, na ngazi ya chuma huufikisha kwa aliyeishika. Waya uliolalia bati ni sababu ya kutokupanda na kuwaita watu wa shirika la umeme, hata kama nyumba inavuja.

Ama kuhusu chanzo cha kuvuja, ni nadra kuwa juu ya doa linaloonekana darini. Maji huingia upande wa juu, hufuata papi, kisha hudondoka mbali. Mara nyingi mkosaji ni msumari. Bati la mita sita likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la usiku hurefuka kwa karibu milimita tatu. Ile milio midogo inayosikika jioni ni bati linalorudi mahali pake. Kila siku msumari huvutwa kidogo, na baada ya miaka hulegea. Kuupiga nyundo kwa nguvu zaidi huongeza tu kishimo. Dawa ni kuung'oa na kuweka skrubu nene zaidi yenye mpira chini ya kichwa, na katika bati la mawimbi iwekwe juu ya mgongo wa wimbi, kwa kuwa maji hupita bondeni.

Kuziba kwa saruji, desturi iliyoenea, ni kosa mara mbili: saruji mbichi hula zinki inayolinda chuma, na ikikauka haifuati mwendo wa bati bali hupasuka. Matairi na mawe ya kuzuia upepo huhifadhi unyevu chini yake, kama yafanyavyo majani ya mwembe yaliyojaa kwenye mfereji. Aidha, maji yanayodondoka kutoka bomba la shaba la kiyoyozi hutoboa bati la zinki taratibu, jambo ambalo wafungaji wengi hawalifikirii.

Karibu na bahari, ambako chumvi huharakisha kutu, kinachosaidia ni kuosha kwa maji safi zile sehemu za chini ya kingo ambazo mvua haizifikii. Na kabla ya kuteremka, fundi afagie vipande vyote vya misumari na unga wa chuma uliotoka kwenye drili. Ukiachwa hapo ukalowa, doa la kutu huonekana ndani ya siku chache.