Nguvu ya Mshipi Iko Kwenye Fundo

Mito inayoshuka kutoka Milima ya Aberdare na Mlima Kenya, kama Gura, Thego na Ragati, ina maji baridi na maangavu, na ndani yake wanaishi samaki aina ya trauti. Asili yao si huko. Waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, na mlowezi Ewart Grogan ndiye anayetajwa kuwa aliwapandikiza katika mto Gura. Tangu hapo trauti hao huvuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoano ndogo iliyovishwa nyuzi, manyoya ya wanyama na ya ndege hadi ikafanana na mdudu aliyeangukia mtoni. Nzi wengi wa namna hiyo hutengenezwa kwa mikono na mafundi wa Kenya, kisha huuzwa Ulaya na Marekani.

Uvuvi huu hautumii chambo wala chubwi. Nzi bandia ni mwepesi mno, hawezi kurushwa kwa uzito wake. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na mzito, nao ndio unaomfikisha nzi panapotakiwa. Lakini mshipi mnene ukitua karibu na trauti, samaki hutimua mbio. Kwa hiyo kati ya mshipi na nzi huwekwa uzi wa nailoni unaozidi kuwa mwembamba, na kipande chake cha mwisho mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 0.15, kama unywele wa binadamu mara mbili hivi. Kikiwa kipya na kikavu, kipande hicho huhimili takriban kilo 2. Ukishakifunga fundo, hesabu hiyo hubadilika, na hapo ndipo wavuvi wengi hupoteza samaki bila kujua sababu.

Sababu ni mkunjo. Uzi ulionyooka ukivutwa, mzigo huenea sawasawa katika unene wake wote. Uzi uliopinda hauenezi mzigo hivyo: upande wa nje wa mkunjo hunyooshwa kupita kiasi huku upande wa ndani ukibanwa. Mwaka 2001 mwanafizikia Piotr Pieranski wa Poland na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mahali hasa fundo linapokatikia. Miongoni mwao alikuwa Jacques Dubochet, ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi nyingine. Walifunga mafundo kwenye mshipi wa kuvulia na hata kwenye tambi zilizopikwa, wakayavuta hadi yakakatika. Mikatiko haikutokea katikati ya fundo. Ilitokea langoni, pale uzi unapoingia kwenye fundo, kwa kuwa hapo mvuto bado haujapunguzwa na chochote na mkunjo ni mkali. Ndiyo maana fundo moja la kawaida, lile linalojifunga lenyewe upepo ukichezea uzi hewani, laweza kupunguza nguvu ya uzi kwa karibu nusu. Ukiliona, usilifumbie macho. Kata uzi, funga upya.

Kama mkunjo ndio adui, msuguano ndio mlinzi. Baharia anayezungusha kamba ya jahazi kwenye nguzo ya gati huzuia chombo kizima kwa mkono mmoja, na mwanahisabati Leonhard Euler alieleza katika karne ya 18 kwa nini hilo linawezekana. Kila mzunguko unaoongezwa hauongezi mshiko kwa kiasi kilekile, huuzidisha. Chukua kamba na nguzo ambazo kipimo cha msuguano wake ni 0.2. Mzunguko mmoja hukuwezesha kuzuia mvuto unaozidi wako mara 3.5. Mizunguko miwili huufikisha mara 12, mitatu mara 43, na mitano zaidi ya mara 500. Ndani ya fundo hakuna nguzo iliyosimama imara, kwa hiyo hesabu halisi ni ngumu kuliko hiyo, lakini kanuni ni ileile: kadiri uzi unavyouzunguka uzi mwenzake, mvuto hupungua mzunguko hadi mzunguko, hata unapofika kwenye ncha hakuna tena nguvu ya kuichomoa.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, wakiwemo Vishal Patil na Jörn Dunkel, waliongeza jambo jingine. Walitumia nyuzi maalumu zinazobadilika rangi zinapovutwa, wakaona kwa macho mahali mzigo unapokaa ndani ya fundo, kisha wakalinganisha na hesabu za kompyuta. Walipochunguza mafundo ya kuunganisha kamba mbili, waligundua kwamba idadi ya makutano si kila kitu. Fundo hushika vizuri pia pale sehemu zake zinapojisokota kwa pande zinazopingana, na pale nyuzi zinazogusana zinapotaka kuteleza kila moja upande wake, zikazuiana zenyewe.

Basi fundo jema lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kushika bila kuteleza, na kupokea mvuto bila kuukunja uzi ghafla. Fundo linalotumiwa sana kwa nzi bandia, klinchi iliyoboreshwa, hutimiza kazi zote mbili. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoano na uivute sentimita 15 hivi. Izungushe kwenye uzi mkuu mara tano, ukienda mbali na ndoano. Irudishe na kuipenyeza katika kitanzi kidogo kilichobaki kando ya tundu, kisha ipitishe ndani ya kitanzi kikubwa ulichokitengeneza sasa hivi. Hapo simama kwanza. Lowanisha fundo kwa mate, shika ndoano, na uvute uzi mkuu polepole bila kuiachia ncha. Utaiona mizunguko ikisogeleana na kulala ubavu kwa ubavu kama uzi kwenye kibiringo. Ikipandana, usijidanganye, uzi ulio juu utauminya ulio chini, na hapo ndipo patakapokatika. Lifumue uanze tena. Ikikaa sawa, kata ncha ukiacha milimita 1 au 2.

Mate hayo yana kazi yake. Nailoni ni plastiki, na nyuzi mbili za plastiki zikisuguana kwa kasi huzaa joto. Fundo linalokazwa kavu na kwa pupa hujichubua na kujidhoofisha kabla halijamwona samaki. Maji hupunguza msuguano wakati wa kukaza, mizunguko ikapata nafasi ya kukaa mahali pake. Nailoni pia hunywa maji, na baada ya muda mtoni hulegea kidogo na kupungua nguvu. Uzi wa fluorokaboni, plastiki ya aina nyingine, haunywi maji. Ni mzito zaidi, kwa hiyo huzama upesi, na hupindisha mwanga kwa kipimo cha 1.42, karibu zaidi na 1.33 cha maji kuliko nailoni inayozidi 1.5, hivyo hauonekani kwa urahisi. Lakini ni mgumu na hukataa kukazwa kwa haraka. Anayeuchagua ajiandae kukaza taratibu zaidi.

Unene wa uzi ndio unaoamua idadi ya mizunguko. Uzi mwembamba sana huteleza kwa urahisi, kwa hiyo huhitaji sita au saba. Uzi mnene ni mgumu kukunjika. Ukiuzungusha mara tano hautakazika vyema, nao hutosheka na mitatu au minne. Wanaovua kolekole kwa nzi bandia kwenye pwani ya Kenya na Tanzania hutumia uzi mnene mara kadhaa kuliko wa mtoni, na wakiiga klinchi ya trauti bila kupunguza mizunguko, fundo hubaki na uwazi ndani yake. Fundo lenye uwazi hujikaza lenyewe samaki anapovuta, kwa kishindo, nalo hukatika.

Umbo la nzi na mwendo wake ndivyo vinavyoamua aina ya fundo. Nzi aigaye kisamaki au kiluwiluwi hupaswa kuchezacheza majini, na fundo lililobana tundu humkakamaza. Huyo mfungie kitanzi kisichojifunga, fundo lililosambazwa sana na mvuvi Mmarekani Lefty Kreh, ili ndoano iyumbe huru ndani yake. Nzi mdogo sana hahitaji fundo nene litakalomzidi kichwa. Fundo la Davy, lililobuniwa na Davy Wotton wa Wales, ni dogo na hufungwa upesi hata vidole vikiwa na baridi. Kwa ndoano ambayo tundu lake limeinamishwa juu au chini kuna fundo la zamani zaidi, la Meja William Turle wa Hampshire, Uingereza, lililoenea katika karne ya 19. Uzi hupita tunduni na fundo hukaa shingoni mwa ndoano, hivyo mvuto huenda sambamba na mti wa ndoano na nzi hukaa wima majini. Enzi hizo uzi ulitoka kwa viwavi wa hariri. Kwenye nailoni inayoteleza fundo la Turle huwa dhaifu kuliko klinchi, na mvuvi hulichagua akijua anauza nguvu kidogo kununua mkao mzuri wa nzi.

Hakuna fundo linaloshinda mengine yote. Kila mvuvi na ajifunze mawili, moja la kubana na moja la kitanzi, ayafunge nyumbani hadi vidole viyajue gizani. Mawili yanayofungwa sawasawa yanamfaa kuliko kumi anayoyakumbuka nusunusu.

Jambo hili halimhusu mvuvi peke yake. Fundo likikatika, trauti huondoka na ndoano mdomoni, na nailoni hubaki mtoni kwa miaka mingi ikiwanasa ndege na viumbe wengine. Kwa hiyo lowanisha, kaza taratibu, kisha vuta kwa nguvu ujaribu kabla ya kurusha. Baada ya kila samaki mkubwa, pitisha ukucha juu ya fundo na kwenye sentimita chache za uzi zinazofuata; ukihisi mkwaruzo, kata na ufunge upya. Vipande ulivyovikata vitie mfukoni urudi navyo nyumbani.