Kabla ya kununua bunduki ya mawindo, mama naye aulizwe

Ndani ya likelemba yetu swali moja limefika mara mbili mwaka huu: je, pesa ya zamu ya mama inaweza kununua bunduki ya kuwindia? Baba anataka bunduki, lakini mwenye zamu ya kupokea ni mama. Wengine walisema bunduki ni jambo la wanaume, wamama wasiingie. Sisi tunaona tofauti. Bunduki inanunuliwa kwa pesa ya nyumba, inalala ndani ya nyumba wanamolala watoto, na nyama yake inaingia chungu cha mama. Anayelipa, anayechunga na anayepika hawezi kukosa neno wakati wa kuchagua.

Hapa Bengamisa hakuna asiyejua kazi hii. Kila siku nyama ya moshi inapita kwenye barabara ya Buta, juu ya pikipiki na baiskeli, kuelekea masoko ya Kisangani. Mboloko mmoja akiuzwa vizuri, nyumba inapata sabuni, chumvi na daftari. Kwa hiyo hatutasema baba aache kuwinda. Tunataka tu kujua ni bunduki gani inaletwa nyumbani.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kiwandani inayotumia kartushi, na huku kwetu mara nyingi ni kalibre 12. Kartushi moja ina baruti, marisasi na fataki yake pamoja. Unafungua bunduki nyuma, unatia, unafunga. Ya pili ndiyo ile ya zamani inayojazwa kwa mdomo: Watanzania wanaiita gobore, ndugu wa Katanga wanaiita pupu. Mwindaji anamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, anaweka kitambaa, anatia marisasi, anashindilia kwa fimbo ndefu inayoitwa mdeki. Mwisho anaweka fataki ndogo chini ya nyundo. Akikosa shabaha, mnyama hamsubiri ajaze tena.

Kwa nini bunduki ya zamani hivi imedumu kwetu? Sehemu ya jibu iko Ulaya. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikataza bunduki nzuri kuingizwa ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yaliacha mlango kwa zile dhaifu za kujazwa kwa mdomo, pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki bora ikabaki kwa mkoloni, mwenyeji akabaki na gobore. Na tusifikiri kwamba hatari ya bunduki kijijini ilianza jana: Banalia, mwaka 1888, Meja Barttelot, mmoja wa wakubwa wa msafara wa Stanley, aliuawa kwa risasi katika ugomvi uliotokana na mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma.

Basi, pupu za leo zinatoka wapi? Nyingi zinatengenezwa na mafundi wa chuma vijijini, na mtutu wake unaweza kuwa bomba la maji au bomba la usukani wa gari kuukuu. Fundi anaweza kuwa na mkono mzuri sana, hatumdharau. Shida ni bomba lenyewe. Lilitengenezwa lipitishe maji, si kuzuia mlipuko karibu na uso wa mtu. Siku moja au siku mia halionyeshi kitu. Kisha kutu inakula kwa ndani, kipimo cha baruti kinazidi kidogo, na bomba linapasuka upande wa jicho na mkono wa kushoto. Baruti nyeusi ina tabia mbaya: uchafu wake unavuta unyevu, na mahali penye mvua kama kwetu, bunduki isiyooshwa siku ileile inaanza kutu. Ukimwona baba anarudi jioni, anaegemeza pupu ukutani na kwenda kulala, ujue inaharibika usiku huo.

Kitu kingine cha kuua ni kuchanganya baruti. Wengine wanapasua kartushi ya kisasa na kumimina baruti yake ndani ya pupu. Wengine wanakwangua vichwa vya kiberiti. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi inasukuma kwa nguvu kupita kabisa ile nyeusi. Ndani ya pupu ni kama bomu. Hapa hakuna kipimo kidogo kilicho salama. Mama akiona kartushi zilizopasuliwa nyumbani, aongee siku hiyohiyo.

Vijana waliofika mjini wanatuambia pia kuna pupu za kisasa, na ni kweli. Mwaka 1985 fundi mmoja wa Missouri, Marekani, jina lake Tony Knight, alitoa bunduki ya kujazwa kwa mdomo ambayo fataki yake inakaa nyuma kabisa, mstari mmoja na baruti. Moto unafika moja kwa moja, na kizibo cha nyuma kinafunguliwa ili mtutu uoshwe vizuri. Tena ina vizuizi viwili vya usalama, si kimoja. Kule majimbo mengi yana msimu wa pekee wa bunduki za namna hii, na wawindaji wanazitumia kwa ayala, yule mnyama wa Zaburi ambaye msitu wetu hauna.

Ni chombo kizuri. Lakini kwa msitu wetu tunasema hapana, na sababu ni za kawaida kabisa. Dume la ayala linaweza kupita kilo 60, na linapigwa hatua mia moja au zaidi, kwa risasi moja nene ya karibu nusu inchi. Mboloko wetu ana kilo tano hivi. Mwindaji anabana pua na kumwita kwa sauti, naye anakuja mpaka karibu, kati ya majani, hatua kumi na tano au ishirini. Ukimpiga kwa risasi ya ayala, utabaki na ngozi na masikitiko. Kisha, hiyo fataki na baruti vya Marekani utavinunua wapi, Banalia? Bunduki isiyo na chakula chake sokoni ni fimbo ya bei kubwa.

Kwa hiyo, kama ni lazima nyumba iwe na bunduki, sisi tunapendelea kalibre 12 ya mtutu mmoja, ya kiwandani, yenye namba iliyochongwa kwenye chuma na karatasi zake. Kartushi zake zinajulikana katika msitu wote wa Afrika ya kati. Zingine zinatengenezwa Pointe-Noire, ng'ambo ya mto, kwa kiwanda cha MACC. Faida kubwa kwa mama ni hii: unaifungua, unatoa kartushi, na kila mtu anaona kwa macho kwamba bunduki ni tupu. Pupu haikuonyeshi. Inaweza kuwa imejazwa tangu juzi na imeegemezwa ukutani kama mchi.

Karatasi si mchezo. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali cha kuwinda, na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali cha silaha. Bunduki ya bomba haina namba ya kiwanda ya kuandika mahali popote. Siku ya ukaguzi, pesa ya likelemba inapotea pamoja na chuma, na pengine baba anabaki kituoni. Kuna pia wakati wa kufunga mawindo, na wanyama wasioguswa kamwe. Okapi amelindwa nchini mwetu tangu 1933. Kabla ya kutoa hata franka moja, baba aende kuuliza ofisi ya teritware na huduma ya mazingira, arudi na jibu lililoandikwa.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wengi tunapofungwa macho. Bei ya bunduki inalipwa mara moja, lakini kartushi inalipwa kila safari. Tunashauri mama achukue daftari kabla ya kukubali. Baba aazime bunduki mwezi mmoja, kwa mtu mwenye karatasi, kwa desturi inayojulikana: mwenye bunduki anachukua sehemu yake ya nyama. Andika kartushi zilizotoka, wanyama waliorudi, nyama iliyoliwa nyumbani, pesa iliyoingia. Usisahau kartushi zilizokosa. Wanaume wanapenda kuhesabu zile zilizopata. Kama mwisho wa mwezi sehemu iliyobaki ni ndogo, kununua hakutaleta muujiza. Kuku au shamba la mihogo vinaweza kuzidi, na havihitaji kibali.

Na nyumba ambazo pupu iko tayari? Hizo ni nyingi, na kunyamaza hakutazisaidia. Baba aipige au aiondoe mzigo kabla ya kuingia kijijini. Fataki itolewe kabla ya kuvuka kizingiti. Kuna njia ya kujua kama imejazwa: mtutu ukiwa mtupu kabisa, mdeki unaingizwa mpaka chini na kuwekwa alama mahali unapoishia mdomoni. Siku nyingine alama ikibaki juu ya mdomo, kuna mzigo ndani. Kazi hii ni ya baba, mdomo wa mtutu ukielekea mahali pasipo mtu, na fataki ikiwa imetolewa kwanza. Bunduki ikikataa kulia porini, aishike hivyohivyo kwa dakika moja au mbili, asiangalie ndani. Moto unaweza kuchelewa. Baruti ikae ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na jiko na taa, na fataki mahali pengine kabisa. Ufunguo ubaki kwa mtu mzima. Kumwambia mtoto asiguse hakutoshi. Sisi tunaofundisha tunajua: kitu anachokatazwa mtoto wa miaka saba ndicho anachokichora daftarini.

Limebaki jambo la chungu. Kiswahili chenyewe kinatufundisha hapa, kwa sababu risasi ni jina la kombora na pia ni jina la madini yale laini ya kijivu yanayotengenezwa marisasi. Madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Yanaumiza akili ya mtoto anayekua na mimba tumboni, bila dalili ya haraka. Mwaka 2008, katika jimbo la North Dakota, nyama ya ayala waliyopewa maskini ilipigwa picha ya eksirei, na ndani yake vikaonekana vipande vidogo vya risasi ambavyo jicho halioni. Kwa hiyo, mnyama wa bunduki akifika jikoni, tafuta kila tundu. Kata na kutupa nyama ya kuzunguka tundu, pamoja na ile iliyojaa damu nyeusi, wala usimpe mbwa. Nyama hiyo usiipike kwa ndimu, siki au nyanya kabla ya kuisafisha hivyo, maana uchachu unayeyusha risasi zaidi ndani ya mchuzi. Mwenye mimba, anayenyonyesha na watoto wadogo wapewe mguu usio na tundu, au samaki siku hiyo.